Transmita ya Tanuru la Pili

Saa tisa usiku skrini zilikufa.
Si umeme: taa ziliwaka, feni zilivuma,
na tanuru, mita sitini za chuma na moto,
likazidi kuzunguka kama mtu atembeaye usingizini,
ila hakuna aliyejua tena lina joto kiasi gani.

Opendi alikimbilia redio. Mimi nikashika ngazi.

Kule juu kuna kisanduku kisichozidi kiberiti.
Kwa ubavu mmoja waya wa shaba unaingia na neno la volti;
kwa ubavu mwingine unatoka uzi wa kioo,
mwembamba kama unywele wa mtoto,
na neno ni lilelile, ila sasa ni mwanga.
Kazi yake ndiyo hiyo tu. Mkalimani.
Halali, hali, haongezi chumvi.

Zamani tulikuwa na shaba tupu.
Kila Aprili radi iliteremka mwamba wa Tororo,
ikaingia ofisini bila hodi,
nasi asubuhi tukachota kadi zilizoungua kwa ndoo.
Radi haina njia ndani ya kioo.

Na kabla ya shaba alikuwepo baba,
akigonga bomba kwa spana:
mara tatu, simamisha;
mara mbili, ongeza moto.
Mara moja, alisema, ni mimi tu. Bado nipo.

Nikachomoa kichwa cha uzi.
"Nyaketcho, niangalie?"
"Usithubutu. Mwanga huu huuoni, wenyewe unaliona jicho lako."
Nikaelekeza kamera ya simu kwenye tundu la transmita:
doa la zambarau, hafifu, hai.
Kumbe ilikuwa inasema muda wote.

Chembe moja ya saruji
imekaa juu ya uso wa kioo.
Vumbi lilelile lililonilipia karo Senior Four,
lililomjaa baba kifuani
hadi pumzi ikawa ya kuhesabu.
Nikaifuta kwa spiriti na kitambaa,
mara moja, upande mmoja, bila kurudia.

"Elfu moja mia nne na thelathini!"
mtu alipiga kelele kule chini,
kama aliyetajiwa uzito wa mwanawe kliniki.

Nilipokuwa nashuka nikagonga bomba kwa spana.
Mara moja.
Opendi akauliza kuna nini.
Nikamwambia, skrubu ilikuwa imelegea.