Asilimia Themanini na Tatu

Choijamts aliingia na baridi yake mabegani,
akaiweka simu mezani kama mtu awekaye jino lililong'oka.
Kioo kimeinuka upande mmoja, tumbo limejaa,
mkate ulioumuka ukakosa nafasi.
"Usiichaji tena," nikamwambia. "Hata dakika moja."

Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Moshi wa makaa umelala juu ya Ulaanbaatar
kama blanketi lisilofuliwa.
Yeye ni dereva wa teksi; simu ndiyo hatamu yake:
ramani, abiria, malipo, sauti ya mkewe ikiuliza, umekula?
Huichomeka kwenye chaja ya wati mia na ishirini,
dakika ishirini, imeshiba,
kisha huibandika mbele ya tundu la hita
ili isizimike kwa baridi.

Nilitoa skrubu kumi, ndogo kuliko punje za mtama.
Nikatia dawa, nikangoja gundi ilegee.
Betri iliyovimba haivutwi kwa hasira.
Nikasoma hesabu yake: mizunguko elfu moja mia nne na sita.
Kwa miaka miwili!

"Ni hiyo chaja?" akauliza, kama anayetafuta wa kumfunga.
Ningependa kumjibu kwa neno moja.
Chaja ina akili: humimina kwa pupa tumbo likiwa tupu,
likikaribia kujaa hulegeza mkono,
kama mama anyweshaye mtoto uji.
Kinachoua zaidi ni joto. Joto la chaja, juu yake joto la hita,
juu yake video usiku kucha akingoja ndege ya saa kumi alfajiri.
Na kuichaji ingali na barafu mifupani,
madini yakose pa kuingia, yagande ukutani kama masizi.
Na kuishusha hadi sifuri. Na kuiacha mia kwa mia mpaka kuche.
Betri haipendi njaa, haipendi shibe;
raha yake iko kati ya thelathini na themanini,
mtaa ambao hakuna dereva aliyewahi kupanga chumba.

"Saa mbili za kuchaji polepole," akasema, "nitazitoa wapi?
Saa mbili ni abiria wanne. Abiria wanne ni gunia la makaa."
Nikanyamaza. Waliosema haraka haina baraka
hawakuwa na deni la gari.

Nikamtilia mpya. Ile kuukuu nikaizika kwenye kopo la mchanga;
aliiomba akamwonyeshe mwanawe, nikakataa.
Iondoe kwenye hita, nikasema. Ivue kava inapokula.
Ukitoka kwenye baridi, ipashe kwanza kifuani, ndani ya koti.
Akacheka: "Kifuani pana chupa."

Akitoka, akaiona simu yangu kando ya taa.
Miaka mitano, betri ileile, asilimia themanini na tatu.
"Siri yako nini, Dulamsuren?"
Nikampa chenji yake. Nikasema ni mazoea mema.

Sikumwambia kuwa hakuna anipigiaye.
Binti yuko Busan, hukumbuka mwaka mpya.
Basi naichaji Jumapili, kwa chaja ya zamani,
naitazama ikipanda tarakimu moja moja,
baridi kama kijiko,
na kuna siku natamani niione imechakaa.