Herufi Mbili Zilizoanguka

Mimi ndiye mpandisha herufi wa ukumbi wetu,
Gdynia, barabara ya chini, nyuma ya kituo cha treni.
Nina ngazi ya mbao na glavu zilizotoboka vidole,
nina sanduku la viatu lililojaa herufi za plastiki,
na A ni sita tu. Moja ina ufa.
M ikikosekana naipindua W,
hakuna aliyewahi kulalamika.

Miaka kumi na tisa.
Nimepandisha Ndevu za Alhamisi,
vijana watatu wasio na unywele kidevuni.
Nimepandisha Kamati ya Kutafuta Kijiko;
kijiko walikipata, wakakipiga usiku kucha
juu ya sufuria ya mama wa mmoja wao,
naye mama alikuja kuidai kabla ya mapumziko.
Nimepandisha Samahani kwa Kelele za Jana:
walipiga polepole, polepole mno,
hata nikasikia friji ya baa ikikohoa.
Na Wajane wa Friji je? Hao waligombana jukwaani
katikati ya wimbo wa pili, wakagawana jina kama mirathi.
Mmoja akaondoka na Wajane.
Aliyebaki na Friji, nasikia, anaendelea vizuri.

Bwana Wieńczysław, mwenye ukumbi, hununa.
"Zamani bendi iliitwa kwa jina la mkubwa wake,
ukajua nani wa kumdai glasi zilizovunjika."
Mimi namwambia: jina la ubatizo
tulipachikwa tukiwa tunalia, hatukuulizwa.
Hawa wamekaa chini, wamejichagulia.
Waache wacheke.
(La kwake lenyewe halienei ubaoni.)

Basi Februari moja, saa kumi jioni, giza tayari,
wakaja watatu wapya.
Jagoda, theluji kwenye nyusi,
Kacper, amebeba kodiani kama mtoto mwenye homa,
na Żaneta wa ngoma, asiyenyamaza.
"Tunaitwa Tumepotea Jikoni kwa Bibi."
Nikahesabu kwa vidole. A mbili, I nne. Yawezekana.
Nikauliza, bibi yupi?
Jagoda akasema: wangu, ghorofa ya saba, umeme ulikatika,
tukatafuta mlango, tukafungua kabati la kachumbari.
Kacper akasema: hapana, ni fumbo, ni habari za utoto.
Żaneta akasema: waongo hawa.
Tulikuwa na majina arobaini kwenye karatasi ya mkate,
hili ndilo pekee lililotuchekesha mara ya pili.

Nikampenda Żaneta hapo hapo.

Nikapanda. Upepo wa Baltiki hauna adabu,
hauulizi umri wa aliye ngazini.
Nilipogusa ardhi ulikuwa umeshang'oa T na E.
E ililaliwa na tairi la basi la umeme.
T sikuiona ilikokwenda.
Na watu kwenye foleni, pua nyekundu, mikono kwapani,
wakainua macho wakasoma:
TUMEPO  A JIKONI KWA BIBI.

Kicheko kilianzia mbele kikarudi hadi kwenye kona.
Mzee mmoja akapiga kelele, "Hata sisi huku tumepoa!"
Jagoda akatoka kuona kuna nini.
Akatazama ubao, kimya, mdomo wazi.
Nikadhani atalia; nikaanza kutafuta E nyingine sandukuni.
"Usirudishe," akasema. "Tafadhali. Sogeza tu hiyo A."

Wakabishana ngazini robo saa nzima,
Kacper akitetea fumbo lake,
kisha wakaingia, wakapiga wakiwa Tumepoa.
Hawakuwa wazuri sana, nisiwasingizie.
Lakini kila mtu alitoka akilitamka jina,
akilionja kama supu ya moto.

Aprili, theluji ilipoyeyuka, niliipata T
kwenye mfereji wa maji, imejaa udongo.
Sikuirudisha sandukuni. Naitembeza mfukoni.
Kwani nami nina bendi yangu, haina mtu hata mmoja,
inaitwa Nani Ameshika Ngazi.
Haijapiga hata noti.
Lakini jina lake hunifikisha nyumbani
nikicheka peke yangu, kituo baada ya kituo,
na abiria wa pembeni husogea kidogo.