Shingo Upande

Karakana ya Zaven iko nyuma ya stesheni ya treni,
mjini Gyumri, mtaa ambao theluji haikai nyeupe hata saa moja:
vumbi la mawe huiwahi.
Nilibisha. Mashine ikanyamaza.
Akajifuta mikono kwa aproni, akanipa kiti,
akakumbuka kukipangusa nilipokwisha kukaa.

Picha niliileta ndani ya daftari la bili za umeme
isije ikakunjika.
Akaitazama chini ya taa, akaigeuza,
akageuza na kichwa chake kuifuata.
"Mama, hapa amepinda.
Nitamnyoosha. Kompyuta hunyoosha, bei ni ile ile."

Usimnyooshe.

Miaka thelathini na minane mume wangu Mkhitar
alipatanisha nyuzi za piano za mji huu:
za shule ya muziki, za ukumbi wa reli,
ile ya mjane Varsenik, iliyoliwa na nondo hadi kwenye nyundo zake,
na kila moja aliiinamia kwa sikio la kushoto,
kwa kuwa la kulia lilibaki jeshini.
Shingo ikazoea. Ikakaa huko huko.
Alikula hivyo, alilala hivyo.
Siku ya harusi mpiga picha alimrekebisha mara tatu,
akachoka.
Shingo yake ilikuwa upande,
lakini sikumwona akifanya jambo shingo upande.
Hata kufa.
Alisema tu, fungua dirisha kidogo,
akasikiliza.

Zaven alishika penseli, akahesabu.
Herufi moja, dramu elfu moja na mia mbili.
Tarakimu, nusu yake.
Msalaba bure, "huo kwangu haulipiwi."
Maua pembeni? Hapana.
Ubeti? Anao daftari zima la beti,
na zote zinasema umeondoka mapema.
Alikuwa na miaka sabini na tisa, nikamwambia,
na popote alipokwenda alifika amechelewa.

"Na jina lako?"
Wengi hapa huchonga la mke papo hapo:
jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari,
kisha uwazi.
"Tukifanya pamoja ni nafuu. Baadaye ni tarakimu nne tu."
Nimeuona uwazi huo kwenye mawe ya wenzangu,
kila kistari kama mkono ulionyooshwa gizani
ukipapasa swichi.
Nikasema: jina, sawa. Mwaka, sawa.
Kistari, hapana.
Kistari kitalipiwa siku hiyo.
Hakucheka. Alifuta.

Tukatoka uani kuchagua itale.
Yote meusi, yote yanang'aa, kwangu yote mamoja,
mpaka nilipovua glavu
nikagonga la kwanza kwa kifundo cha kidole.
Du, likasema, kama mlango wa jirani asiyetaka wageni.
La pili, du.
La tatu likajibu:
sauti nyembamba, ndefu,
ikaenda mpaka kwenye vyuma vya uzio, ikarudi.
Zaven akanikodolea macho.
"Nani kakufundisha? Hayo mawili yana ufa ndani.
Nilikuwa nataka..."
Hakumalizia, nami sikumsaidia kumalizia.

Sikufundishwa na mtu. Niliosha vyombo,
miaka yote hiyo, chumba cha pili,
na mtu upande wa pili wa ukuta anagonga noti moja,
anagonga, anagonga,
nami namlaani kimoyomoyo.

Ndani tena. Nikatoa arubuni, noti zimenata kwa baridi.
Akaandika stakabadhi polepole,
maana mkono wake hauwezi kuandika ovyo
hata karatasi ya kutupwa:
Jiwe, moja, la tatu.
Jina lake. Jina langu, bila kistari.
Sura, moja.
Hapo akasita, akauliza, shingo upande gani?
Kushoto, nikasema,
na nikajikuta nimemwonyesha.