Lebo ya Lugha Nne

Twalibu, mtoto wa marehemu dadangu, baharia wa meli za makontena,
aliniletea suruali Alhamisi kabla ya adhuhuri,
akaitupa juu ya cherehani:
"Mjomba, nipunguzie miguu.
Niliiokota mtumbani kwenye bandari ya baridi.
Wenyewe wana miguu kama minazi."

Nikaipindua ndani nje.
Fundi huanza na mishono, kama daktari na ulimi.
Mshono maradufu, uzi haujachoka,
magotini mfuko wa kutilia sponji,
rangi ya msitu nisioujua: kijani cha kuvu, hudhurungi ya majani yaliyolala majini.
Kiunoni, lebo kadiri ya stempu,
na onyo moja kwa lugha nne:
nadhani, usipige pasi.

"Ya jeshi hiyo. Nchi nne zilikaa kitako,
Denmaki, Norwe, Uswidi, Ufini,
zikaandika zabuni moja, zikanunua pamoja.
Ukiagiza nyingi bei hushuka, Mjomba. Hata pilipili."

Zabuni mimi nazijua.
Nipo hapa Mtongwe, hatua mia mbili na lango la wanamaji,
mwaka wa thelathini na moja nashona vyeo mabegani mwa watu.
Niliwahi kupeleka bahasha, nikaifunga kwa gundi na bismillahi.
Aliyeshinda alikuwa ameshinda
kabla sijainunua bahasha.

Kwa hivyo sikuwaza zabuni. Niliwaza sufuria za Kuze.

Nyumba nne: yetu, ya Bi Barke,
ya Mwinyikombo muuza mkaa, na ya Wabajuni wa pembeni.
Hapana aliyeweza peke yake sufuria ya kilo arubaini.
Wakachanga. Sufuria sita, miko miwili,
kifuniko kimoja kama gurudumu la baiskeli,
na daftari la kurasa thelathini na mbili:
nani aweke, nani asugue kwa majivu,
na arusi mbili zikiangukia Jumamosi moja, nani atangulie.

Walizozana mwezi mzima kwa ajili ya vishikio.
Bi Barke alitaka viwili. Mwinyikombo vinne,
kwa kuwa yeye ndiye mbebaji.

Nakisia na wale walizozana hivyo,
wa theluji kavu akitaka mfuko huku,
wa mvua ya ubavuni akitaka zipu kule,
mwengine akipima kwa ukucha rangi ya msonobari wa kwao,
mpaka kahawa ikapoa, na mmoja akasema: haya, vinne.
Mwenye jirani mkubwa
hununua kufuli na wenzake.

Lakini sufuria zetu zilikuwa za pilau.
Tuliomba siku yake ifike.
Hii imeshonwa kwa ustadi wote huu
kwa siku ambayo kila aliyeishona aliomba isifike.

Nikasita hapo, mkasi mkononi.
Si kweli. Zilipika matanga pia.
Mamangu alipoondoka, ile ile ya arusi yangu
iliteremshwa darini, ikapanguswa vumbi.
Haikuuliza.

Kidole kimoja hakivunji chawa, husema watu;
na mtumba huutafuti kitu kingine ila chawa.
Nikapitisha kidole kwenye mkanda wa kiuno.
Sikukuta. Nilikuta jina kwa kalamu ya wino:
Eskil, na herufi nyengine zilizokwenda na maji.
Nchi nne zilinunua. Mmoja alivaa.

Nikakata inchi nane kila mguu, nikapinda, nikashona.
Jina sikuligusa.
Twalibu alilipa mia mbili, akangoja chenji ambayo haikuwapo.

Vile vipande viwili vya mguu
Mwanaidi wa chapati aliniomba avitoe njiani,
akavikunja, akashikia sufuria yake ya maharage.
Asubuhi ya pili akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara:
"Fundi! Kitambaa chako moto haukipiti.
Waliotengeneza walikuwa na nia."
Nami, nikitia uzi tunduni,
nikajibu kwamba walikuwa wanne.