Mtunza Viatu

Tembea uone, husema watu.
Mimi nimekaa, nikaona:
miaka kumi na tisa nyuma ya meza hii ya mbao,
kushoto mwa lango la Hekalu la Jino,
pale ndege wa ziwani wanapochafua ukuta bila haya.
Napokea viatu vya dunia,
natoa kipande cha bati chenye namba,
na mgeni anaondoka pekupeku, akidonoa ardhi
kama kuku aliyeletwa jana.

Viatu husema kabla ya mwenyewe.
Hivi vimetoka bustani ya Peradeniya,
kokoto zimeng'ang'ania meno ya soli.
Hivi vimepanda Hantana alfajiri,
umande haujakauka, na kisiginoni
limenata jani la chai,
limeponyoka kikapuni mwa Pakkiyam
anayelipwa kwa kilo;
hilo moja halikupimwa.
Na hivi havijaenda popote.
Vinanuka duka.

Wote huniuliza: Jino umeliona?
Nimeona mlango ukifunguliwa, nawaambia,
ngoma zinaunguruma, watu wamebanana,
mayungiyungi vifuani wasije wakayaponda,
na kule ndani, kufumba na kufumbua, dhahabu.
Ndani ya dhahabu kuna dhahabu,
na ndani yake tena, wanasema, limo.
Hawaridhiki. Wamelipa, wanataka kuona.
Mama yangu alipanga foleni ile hadi uzee wake,
hakuliona hata siku moja,
na kila mara alirudi nyumbani
na uso wa mtu aliyeshiba.

Jumanne iliyopita bomba likapasuka.
Maji yakaingia kibandani, ndara zikaelea,
moja ya kijani ikaenda zake hadi barabarani.
Wakafunga. Nenda kapumzike, Heenmenike.
Kupumzika kunafanywaje?
Nilisimama pale na mwavuli
mpaka Ukkubanda akasimamisha bajaji yake.
Mvua imefukuza wateja, akasema. Panda.
Leo mgeni ni wewe.

Akaanza hotuba yake, ileile, kwa sauti ileile:
Ziwa hili lilichimbwa kwa amri ya mfalme wa mwisho...
Nalijua, Ukkubanda.
Kulia kwenu, mabibi na mabwana, soko kuu...
Ukkubanda, nimezaliwa nyuma ya soko hilo!
Hotuba haina breki.
Nikanyamaza, nikageuza shingo kulia,
nikalitazama soko.
Sikujua lina madirisha juu.

Tukapanda Bahirawakanda, bajaji inakohoa,
kwenda kwa Buddha mweupe aketiye juu ya mji.
Miaka yote hii yeye ananitazama mimi,
nami sijapata kupanda nimtazame.
Magoti yangu yalikuwa na la kusema kila ngazi.

Juu, nyuma ya meza, msichana.
Akapokea ndara zangu bila kuniangalia usoni,
akazigeuza,
akasoma.
Maji ya bomba, akasema. Shangazi unatoka mjini.
Nikacheka mpaka Ukkubanda akaniuliza kuna nini.
Siku za mwezi mpevu huenda hekaluni miguu mitupu tangu nyumbani,
hatua mia mbili tu;
sikuwahi kumkabidhi mtu viatu vyangu.
Kumbe ndivyo ilivyo.
Mawe yalikuwa yameoga mvua,
ubaridi ukanipanda taratibu hadi kiunoni,
nami nikadonoa, nikadonoa, kuku wa jana.

Mji wote ulikuwa pale chini.
Ziwa, kipande cha kioo kilichosahauliwa mezani.
Paa la hekalu, kiberiti.
Ukungu ulikuwa ukishuka Hantana
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
Nikakitafuta kibanda changu.
Kuna mti, kuna ukuta, kuna kona,
kisha kuna mti mwingine umekifunika.
Unakiona? akauliza Ukkubanda.

Sikukiona.
Nilijua tu kimo.

Na mkononi kipande cha bati,
namba arobaini na moja,
kikaanza kupata joto.