Bi Shinuna Anapiga Chuku

Saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijaota meno,
Bi Shinuna anawapanga wageni chini ya ukuta wa Bahla
kama watoto wa chuoni, wafupi mbele,
na mimi, Shee, dereva, mkiani na jagi la maji.

Leo ni sita. Mganga wa meno kutoka Kerala,
bwana na bibi wa Kijerumani na fimbo za kupandia milima
(milima iko kule, huku ni udongo mtupu),
na mabinti watatu wanaopiga picha hata kivuli changu.

Kiingereza chake, asema, kilibaki shuleni Wete.
Anasema Kiswahili, Kipemba kizito cha nyumbani,
nami nafasiri. Hii ni mara ya arubaini na moja.

"Ukuta huu aliujenga mwanamke, kwa usiku mmoja.
Dada yake akachimba mfereji.
Waume zao walikuwa wamelala."
Mara iliyopita zilikuwa siku tatu.

Kwa Hilali mfinyanzi tunashika udongo mbichi.
Penye mkunazi anachuma majani, anayafikicha
mpaka yatoe povu, anampaka Mjerumani kiganjani:
ya nywele, ya vidonda, ya maiti.
Hilo la tatu sikulifasiri, alikuwa ananusa.
Ubani huloweka usiku, maji yake hunywewa asubuhi.
Mvuje hufungwa shingoni mwa mtoto,
jini akipita azibe pua aende zake.
"Bahla na Pemba ni ndugu," asema,
"sisi bahari, wao mchanga, wachawi walewale."

Kisha anatoa mkobani pembe ya ng'ombe, imekatwa ncha.
Hapa ndipo ninaposhindwa kila siku.
Kwetu kupiga chuku ni kunyonya damu mbovu kwa pembe,
na kupiga chuku ni kuutia uongo hamira.
Utamwambiaje Mjerumani?

Nyuma ya soko kuna mlango wa bluu uliobanduka.
Mara arubaini Bi Shinuna ameupita akikohoa,
akikaza mwendo, akionyesha kitu upande wa pili.
Leo yule bibi akakaa kizingitini,
kiatu kimemla kisigino.

Bi Shinuna akasimama.
Akanitazama mimi, si wao.

"Hapa alikaa mwenye chuma.
Mwaka ule tuliokuja kutoka Wete, Muhanna ana miezi saba,
macho yamekuwa manjano kama kiini cha yai.
Mama mkwe akasema, chapa.
Wakamchapa hapa, na hapa," akajigusa kiwiko, akajigusa tumbo,
"mimi nimemshika miguu.
Gari la kwenda hospitali lilipita Alhamisi.
Ile ilikuwa Jumamosi."

Akanyamaza. Kunguru juu ya paa. Mabinti wameshusha simu.

"Anasemaje?" akauliza mganga wa meno.

Nikafungua kinywa. Nikaliweka jagi chini.
"Anasema nyumba hii ilikuwa ya mhunzi."

"Ah," wakasema. Wakaipiga picha.

Bi Shinuna akainama, akamvua yule bibi kiatu,
akatafuna majani ya mkunazi, akayabandika kwenye lengelenge
kwa kidole gumba, taratibu, kama anafunga bahasha.
Tukaenda kula halua.

Saa tano, wageni wamepanda, kiyoyozi kinanguruma,
akaja dirishani kwangu kuchukua pembe yake.
Na mimi muda wote nilidhani Kiingereza kilibaki Wete.

"Leo umepiga chuku, Shee," akasema.

Sikumuuliza maana ipi.
Nilifika Maskati nikaosha jagi mara mbili,
bado linanuka mvuje.