Ndoo Chini ya Paa Moja

Naitwa Jasna. Jina hili halimwambii mtu
niko upande gani, ndiyo maana
nilikabidhiwa funguo za milango yote miwili.

Shule zetu mbili zina paa moja.
Mlango wa kaskazini, wale; wa kusini, hawa.
Katikati ya ukumbi, ukuta wa mbao,
rangi ya krimu huku, kijani kule,
na mimi na deki yangu pande zote,
mshahara mmoja unaochelewa mara mbili,
maana wizara hii husubiri ile itangulie.

Maji ya deki hayana kabila.
Nikimwaga huku, yanapenya chini ya mbao
yakatokea kule, na vumbi letu.

Darasani vitabu viwili, vita vilevile.
Kikosi cha kaka yangu Damir kimo kote:
kitabu hiki, ukombozi; kitabu kile, uchinjaji.
Nimevipangusa vyote, sikumkuta
yule Damir aliyeogopa bata bukini,
aliyezunguka njia ya kinu, kilomita nzima,
asipite uani kwa bibi Stoja.

Sensa ilipokuja, kijana alifungua fomu mapajani.
Visanduku vitatu vikubwa, kisha kimoja chembamba: Wengineo.
"Niweke hapo," nikasema.
"Wengineo ndio akina nani, mama?"
Viatu vyake vilikuwa vimelowa.
"Wanaofuta sakafu," nikamwambia. Tukacheka,
kisha mimi nikaacha kucheka kabla yake.

Wimbo wetu wa taifa hauna maneno.
Waliitisha shindano, wakaunda kamati,
kamati ikazaa kamati, maneno yakafia tumboni.
Siku timu ilipocheza, niliwasha televisheni
chumba cha walimu, watoto wa milango yote wakajazana,
na Ognjen, miaka tisa, akaniuliza:
"Tukishasimama, midomo tuifanye nini?"

Nilikuwa na jibu la zamani: aibu.
Nchi bubu, nilizoea kusema, kama mtu
aliyeitwa mahakamani akasahau kesi yake.
Siku ile sikulisema. Sijui kwa nini.
Nikamwambia avume tu, kama nyuki. Akavuma.
Wengine nao. Ukuta wa mbao ukatetemeka kidogo,
au lilikuwa friji.

Novemba mvua ikalitoboa paa
juu kabisa ya ukuta, pale pasipo pa mtu.
Wakaguzi wawili wakaja, kila mmoja na futi yake,
wakalipima tundu, wakagawana:
sentimita kumi na moja zenu, tisa zetu.
Barua moja ikaenda Sarajevo, nyingine Mostar.

Mimi taifa silijui. Nimewasikia
wenye suti wakilitamka kama jina la marehemu tajiri,
kila mmoja akidai urithi.
Ninachokijua ni ndoo: ikijaa, mtu aimwage,
awaye yote. Juzi nilikuta zamu
imebandikwa ukutani kwa mwandiko wa kitoto,
makosa matatu ya tahajia:
Jumatatu Lejla. Jumanne Ognjen. Jumatano Ružica.
Alhamisi pametupu.

Leo Alhamisi. Mwanangu Vedran amepiga simu
kutoka Stuttgart, akitafuna kitu.
"Mama, bado mnavuja?"
"Tunavuja."
"Sasa unabaki huko kufanya nini?"
Nikaishusha simu karibu na ndoo, asikie.